Mwana anapokwenda kusoma sheria: tumsindikize, tusimsemee

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu wasomaji, kwa miaka mingi sasa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) imekuwa ikiandaa maonesho ya vyuo katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, katika majira ya mwezi wa Julai. Mwenye kupita humo haachi kuziona familia zetu. Atamwona baba mwenye kanzu na kofia, mama mwenye buibui, na kijana wao aliyemaliza kidato cha sita, wakizunguka kutoka meza moja kwenda nyingine na karatasi za vyuo mikononi. Ni jambo la kufurahisha, na tunamshukuru Allah (S.W.T.) kwa hilo.

Lakini hebu mtu asimame karibu na meza ya chuo kinachofundisha sheria, asikilize. Afisa udahili humgeukia kijana na kumuuliza, "Kwa nini unataka kusoma sheria?" Baba hujibu, "Anataka kuwa hakimu." Afisa huuliza tena, "Ulisoma mchepuo gani?" Mama hudakia, "HGL." Mwishoni afisa humtazama kijana usoni na kumwambia, "Na wewe mwenyewe waonaje?" Kijana humwangalia baba yake kwanza, kisha huinamisha kichwa na kusema, "Ndiyo." Mazungumzo huishia hapo, na familia huondoka ikidhani kwamba imepata ilichokuja kukitafuta.

Tumeyaona haya si mara moja wala mbili, na ndiyo yaliyotusukuma kuandika leo. Swali letu ni hili: mwana aliyekwisha kuwa mtu mzima anapokwenda kuomba nafasi ya kusoma sheria, mzazi wake asimame wapi?

Tuanze kwa kumtendea haki mzazi. Wako wanaomcheka baba anayefuatana na mwanawe hadi dirisha la udahili, wakasema kwamba anamdekeza. Sisi hatumcheki. Wengi wa wazazi hao hawakupata kuvuka darasa la saba. Wameuza kiwanja, wamevunja kibubu, wamecheza upatu miaka kadhaa ili ada ipatikane. Wameona jirani aliyenyang'anywa shamba kwa sababu hakujua karatasi aliyoiwekea dole gumba imesema nini, na wameona mjane aliyetolewa katika nyumba ya mumewe kabla ya eda kwisha kwa kuwa hakuwa na wa kumsemea mahakamani. Mzazi wa namna hiyo anaposema, "Nataka mwanangu awe mwanasheria," hasemi kwa majivuno. Anasema kwa uchungu.

Aidha, heshima ya fani hii katika nchi yetu ina asili yake. Sheria ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufundishwa katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, kilipofungua milango yake Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika ishirini. Leo vyuo vinavyofundisha sheria ni vingi, vikiwamo Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoko Tunguu, kilichoanzishwa mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichoanza mwaka 2005, ambako sheria za nchi husomeshwa pamoja na sharia ya Kiislamu. Umma una haja ya mawakili, mahakimu na makadhi wenye elimu na wenye kumcha Mungu. Hilo halina mjadala.

Mjadala uko kwenye njia ya kuwapata.

Tulisimuliwa habari ya kijana mmoja aliyekubaliwa na vyuo viwili, kimoja kwa sheria na kingine kwa ualimu. Kama inavyojulikana, mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa kutumia namba maalumu ya siri ambayo hutumwa kwenye simu yake au barua pepe. Katika fomu, namba ya simu iliyojazwa ilikuwa ya baba. Ujumbe ulipoingia, mzee alikuwa dukani, na mwana alikuwa kijijini kumzuru bibi yake. Mzee akathibitisha sheria, kisha akapiga simu kumpongeza mwanawe. Kijana akasema, "Alhamdulillahi, baba," akakata simu, na siku ile hakula. Hakuwahi kumwambia mzazi wake kwamba moyo wake ulikuwa kwenye ualimu. Na mzazi hakuwahi kumuuliza.

Ndugu wazazi, hapa nani amekosa? Tukisema kijana amekosa kwa kunyamaza, ni kweli. Lakini ni nani aliyemzoesha kunyamaza? Mtoto ambaye tangu darasa la kwanza anajibiwa na wazazi wake kila aulizwapo na mgeni, hawezi kupata ulimi ghafla siku anayotimiza miaka kumi na minane.

Na kati ya fani zote, sheria ndiyo isiyomfaa mtu aliyezoea kusemewa. Kazi ya wakili ni kusema kwa niaba ya mwingine. Anasimama mbele ya hakimu, anaulizwa swali asilolitarajia, na hana wa kumgeukia. Kijana ambaye hakuweza kumweleza afisa udahili kwa nini anataka kusoma sheria, atamwelezaje jaji kwa nini mteja wake asifungwe?

Wala njia yenyewe si fupi. Baada ya shahada ya kwanza, anayetaka kuwa wakili Tanzania Bara hana budi apite katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo watu huiita Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Wasomaji wetu watakumbuka kishindo cha Oktoba 2022, yalipotangazwa matokeo ya kundi moja la wanafunzi wa taasisi hiyo. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 waliondolewa masomoni. Aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze kiini chake. Wako waliolaumu vyuo, wako waliolaumu taasisi, na wako waliolaumu wanafunzi wenyewe na lugha yao ya Kiingereza.

Sisi hatukai hapa kuhukumu nani alikuwa na haki. Tunalotaka mzazi alitazame ni jambo moja. Wale walioondolewa walikuwa watu wazima wenye shahada mikononi, waliokwisha kutumia miaka mingi na fedha nyingi za familia. Katika chumba kile cha mtihani hakuna mzazi aliyeweza kuingia. Kwa hiyo swali la kama kijana anaitaka sheria, na kama anaiweza, ni heri aulizwe na ajibu mwenyewe mapema, nyumbani, mbele ya watu wanaompenda, kuliko alijibu baada ya miaka mitano mbele ya ubao wa matokeo.

Dini yetu imesema nini katika hili? Katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walezi wa mayatima wawajaribu mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao uongofu wa akili, basi wawakabidhi mali zao, na waweke mashahidi. Aya hii ni ya mayatima na mali, lakini hekima yake ni pana. Ndani yake mna mambo mawili, kujaribu na kukabidhi. Mlezi hakuruhusiwa kukabidhi bila ya kujaribu, na vile vile hakuruhusiwa kuendelea kushikilia baada ya kuona kwamba mwenye mali amekwisha kuwa na akili ya kuitunza.

Na kujaribu huko kukoje? Imam An-Nawawi, katika kitabu chake Minhaj ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha vizazi kwa vizazi, anaeleza kwamba mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa katika kuuza na kununua na kupatana bei, na mtoto wa mkulima hujaribiwa katika kilimo na katika kuwatumilia wafanyakazi wake. Hajaribiwi mara moja, bali mara mbili na zaidi. Na kwa kauli iliyo sahihi zaidi, jaribio hilo huwa kabla ya baleghe: mtoto huachwa apatane bei mwenyewe, kisha ukifika wakati wa kufunga mkataba, mlezi ndiye anayeufunga.

Tazameni utaratibu huu ulivyo mzuri. Akiwa mdogo, mtoto hupatana bei na mzazi hufunga mkataba. Akishakuwa mtu mzima mwenye akili, mkataba ni wake. Sisi leo tumepindua. Akiwa mdogo hatumwachi apatane hata bei ya nyanya sokoni, na akiwa mtu mzima bado sisi ndio tunaomfungia mkataba. Hata sheria ya nchi imekwisha kusema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto yule aliye chini ya miaka 18. Aliyevuka hapo anaapa mwenyewe, anatia saini mwenyewe, na akishtakiwa hujibu mwenyewe.

Kisha tumtazame Mtume wetu (S.A.W.) alipomtuma Mu'adh bin Jabal (R.A.), kijana wa Kiansari, kwenda Yemen. Katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ijapokuwa wanazuoni wamezungumza juu ya sanad yake, Mtume alimuuliza Mu'adh atahukumu kwa nini litakapomjia shauri. Mu'adh akajibu kwa Kitabu cha Allah, kisha kwa Sunna ya Mtume wake, na asipopata humo, atajitahidi kwa rai yake. Mtume akafurahi na akamhimidi Mwenyezi Mungu. Na katika Musnad ya Imam Ahmad imepokewa kwamba Mtume alitoka naye kumsindikiza, Mu'adh akiwa juu ya mnyama wake na Mtume akitembea kwa miguu pembeni yake, akimuusia. Alipomaliza kumuusia waliagana. Mu'adh akalia, Mtume akaelekeza uso wake Madina, na kijana akaenda zake Yemen.

Subhanallah! Yamo humo yote ambayo mzazi wa leo anayahitaji. Alimuuliza, naye akajibu mwenyewe. Alimsindikiza, tena kwa miguu. Alimuusia. Kisha akarudi Madina. Hakwenda Yemen kumsemea.

Wako watakaotuambia, "Lakini mimi ndiye ninayelipa ada." Ni hoja nzito. Mwenye kutoa fedha ana haki ya kujua zinakokwenda, na mwana anayemficha mzazi matokeo yake ilhali anakula ada ya mzazi huyo, amefanya khiyana. Lakini tukumbuke pia kwamba wengi wa vijana wetu husoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kwa miaka kadhaa wazazi wengi wa Kiislamu waliona uzito juu ya tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka, ambayo Serikali iliiondoa mwaka 2021. Mwenye shaka iliyobaki awaulize masheikh. Ila deni lenyewe ni la nani? Ni la mwana. Ndiye atakayekatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi limalizike. Na katika dini yetu deni ni amana ambayo mtu huulizwa hata baada ya kufa. Si haki kumchagulia mtu mzima fani asiyoitaka, kisha tukamwachia deni lake.

Wengine watasema, "Wangu ni binti, siwezi kumwacha peke yake." Nasi tunasema, usimwache. Safari ya kutoka Tandahimba au Pemba hadi Dar es Salaam si ndogo. Fuatana naye, kagua hosteli atakayolala, wajue majirani zake, uliza msikiti na ndugu wa karibu. Huo ni ulinzi, nao ni wajibu wako. Lakini ukifika mbele ya afisa udahili, kaa kwenye benchi, umwache binti aseme. Kumlinda hakumzuii kusema. Kesho binti huyo huyo ndiye mama zetu watakayemkimbilia na kesi zao za talaka na mirathi, mambo ambayo wanaona haya kuyasimulia mbele ya mwanamume.

Na wako watakaotaja utiifu kwa wazazi. Utiifu ni faradhi, wala hatuwezi kuupunguza kwa kalamu. Lakini mamlaka tuliyopewa juu ya watoto ni uchungaji, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mzazi atakayemlazimisha mwana kwa kumtishia radhi, kwa ajili tu ya kuitwa "baba wakili" mtaani, na ajiandae kwa swali hilo.

Basi mzazi afanye nini? Tunaona kazi yake ni kubwa, lakini sehemu yake kubwa ni kabla ya kufika chuoni.

Kwanza, akae na mwanawe faragha, amuulize kama Mtume (S.A.W.) alivyomuuliza Mu'adh, kisha anyamaze mpaka apate jibu. Asikubali "ndiyo" tupu. Amtake aeleze.

Pili, amwambie aende mahakamani. Kesi nyingi husikilizwa hadharani. Kijana akakae siku mbili tatu katika mahakama ya mwanzo ya wilaya yake, au Kisutu akiwa Dar es Salaam, au kwa kadhi akiwa Unguja na Pemba. Aone mafaili, aone kesi zinavyoahirishwa, asikie mjane akiulizwa maswali. Akitoka humo bado anaitaka sheria, basi anaitaka kweli.

Tatu, wafanye hesabu pamoja, ada ya chuo, chakula, malazi, vitabu, na gharama za mwaka wa mafunzo ya vitendo baada ya shahada. Mzazi aseme wazi anaweza kiasi gani na hawezi kiasi gani. Wengi wetu tunaahidi kwa kuona haya, na mwana hukwama mwaka wa pili.

Nne, wahakikishe kwa TCU kwamba chuo na programu vimetambuliwa, na namba ya simu itakayojazwa kwenye fomu iwe ya mwombaji mwenyewe.

Tano, na hili tunalisema kwa ukali: mzazi asimtafute mtu wa kumpenyeza mwanawe. Kila msimu wa udahili matapeli hujitokeza, wakidai wanamjua fulani ndani ya chuo. Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea. Kijana anayeingia kusoma haki kwa mlango wa rushwa, aliyemfunza rushwa ni baba yake, na somo hilo atalikumbuka siku atakapokalia kiti cha hakimu.

Nanyi vijana, msidhani kwamba tumewaandikia wazazi tu. Utu uzima si kadi ya mkopo na chumba cha hosteli. Kama mnataka wazazi wasiwasemee, semeni. Mwana aliyeona kwamba fani si yake amwendee mzazi kwa adabu, achague wakati mzuri, aeleze hoja zake na aeleze badala yake anataka nini. Akishindwa, amtafute mjomba, shangazi au imamu wa msikiti amsaidie. Wapelekeeni wazazi matokeo yenu kabla hawajayauliza. Ni kweli kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mtu mzima ni zake. Lakini mama aliyeuza vitumbua ukasoma hastahili kujibiwa kwa vifungu vya sheria.

Na wote, wazazi na wana, waswali istikhara, kisha wasisahau kushauriana.

Tunarudi pale Mnazi Mmoja. Msimu ujao, inshaallah, baba zetu na mama zetu watakuwa tena mbele ya meza zile. Afisa udahili atamgeukia kijana na kumuuliza kwa nini anataka kusoma sheria. Ndugu mzazi, utaona ulimi wako unawasha kujibu. Uzuie. Rudi nyuma hatua mbili, umwombee dua kimya kimya, na umwache mwanao ajibu. Huenda akababaika. Huenda akakosea neno. Lakini litakuwa ni neno lake, na juu ya neno hilo ndipo atakapoanza kuwa wakili, au atakapotambua mapema kwamba Mwenyezi Mungu amemuandalia kazi nyingine yenye kheri.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awaongoze vijana wetu, awape wazazi subira na hekima, na aujaalie umma huu mahakimu wenye kuhukumu kwa uadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.